Mkono wa Rubani Asiyepanda Ndege

Rubani aliyeketi ndani ya ndege hugeuka pamoja na chombo chake, na kulia kwake huwa ndiko kulia kwa ndege, akiwa anaondoka au akiwa anarejea. Mtu aliyesimama uwanjani na rimoti kifuani, akiiongoza kwa mawimbi ya redio ndege ndogo ya povu ambayo mabawa yake yana upana wa mita moja hivi, hana neema hiyo. Maadamu ndege inakwenda mbali naye mambo huwa mepesi. Lakini inapopiga kona ikamjia uso kwa uso, kulia kwake kumekuwa kushoto kwa ndege, naye akisukuma kijiti upande anaotaka ndege iende, ndege huinamia upande wa pili, na kwa fadhaa huzidi kukisukuma kule kule, hata kufumba na kufumbua chombo kimejibwaga mchangani. Mabingwa wa sanaa hii wana kanuni moja ya kuponya ugonjwa huu: ndege inapokujia, sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba unalitilia mhimili lisianguke. Kanuni hiyo akili huihifadhi kwa dakika moja. Vidole havihifadhi kwa dakika moja, wala kwa siku moja. Vidole hutaka kurudia jambo lile lile mara mia na mara mia nyingine, mpaka vilitende kabla mwenye navyo hajawahi kuliwaza.

Kwa sababu hiyo aghalabu ya watu wanaoanza kurusha ndege hizi siku hizi huanza mbele ya kompyuta, kwa programu iitwayo simuleta, ambayo humchorea mwanafunzi uwanja, mbingu, upepo na ndege, ikamwacha aanguke apendavyo. Kila anguko la uwanjani lina gharama ya bawa, mota au betri, na pengine juma zima la kungoja gundi na vipuri. Kila anguko la kwenye kioo lina gharama ya kubonyeza kitufe kimoja, na ndege ikarudi mwanzo wa njia yake nzima kama ilivyokuwa.

Fikra ya kujifunza kuruka pasipo kuondoka chini si ya leo. Edwin Link, mwana wa mwenye kiwanda cha piano na ogani katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, alichukua mivukuto ya aina ile ile iliyokuwa ikitia pumzi katika ogani za baba yake, akaiweka chini ya kibanda kidogo chenye mabawa mafupi, na kufikia mwaka 1929 alikuwa na chombo kilichoinama na kuinuka kwa amri ya mkono wa mwanafunzi. Wengi walikiona kuwa mchezo wa viwanja vya starehe, hata mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipotwikwa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na marubani wake wakawa wanakufa katika giza na mawingu, ndipo lilipomwendea Link likanunua vyombo sita. Katika kibanda kile karibu kila kitu kilikuwa cha uongo: mabawa hayakubeba, mkia haukuongoza, na safari nzima iliishia pale pale ilipoanzia. Lakini kijiti kilichokuwa mkononi mwa mwanafunzi, na vikanyagio vilivyokuwa chini ya miguu yake, vilikaa mahali vinapokaa katika ndege ya kweli na vilisukumwa namna vinavyosukumwa humo. Link aliweza kuidanganya akili na macho, mkono hakuudanganya.

Nayakumbuka hayo kila ninapoulizwa na vijana ni simuleta ipi iliyo bora. Huulizia uzuri wa picha, idadi ya ndege zilizomo, na iwapo upepo wa ndani yake unavuma kama upepo wa kweli, lakini ni nadra kumsikia mtu akiulizia kitu atakachokishika. Nami kwa maoni yangu simuleta ya picha duni iliyoungwa na rimoti ya kweli ni mwalimu bora kuliko simuleta ya fahari inayoongozwa kwa kitu kilichookotwa katika kabati la michezo.

Mpwa wangu mmoja alinifunza jambo hili kwa hasara yake mwenyewe. Alijizoeza miezi miwili kwa pedi ya gemu, ile ya kushikwa kwa mikono miwili yenye vijiti viwili vifupi vya kusukumwa kwa vidole gumba, na kwenye kioo cha kompyuta alifikia daraja la kupindua ndege kichwa chini na kuitua bila mtikisiko. Vijiti vya pedi vyote vina springi ya kuvirudisha katikati mtu aviachiapo. Naye, ili aweze kurusha, aliipanga programu yake hivi, kwamba kijiti cha kushoto kikiwa katikati mota imezimika, na kikisukumwa mbele mota inashika mwendo. Mpango huo ulifaa sana. Kila alipoingiwa na hofu, kidole kililegea, kijiti kikarudi, mota ikanyamaza, na ndege ikashuka taratibu kama jani la mwembe.

Siku ya kwenda uwanjani kwa mara ya kwanza alipewa rimoti ya kweli na rafiki yake. Katika rimoti hiyo kijiti cha mwendo hakina springi ya kukirudisha: hukaa pale pale kilipoachwa, kwa kuwa ndege haimtaki mtu aushikilie mwendo wake kwa nguvu ya kidole robo saa nzima. Ndege ilipanda, ikageuka, ikamjia. Kijana akaingiwa na hofu, kidole kikalegea kama kilivyozoea, na kijiti kikabaki kule juu. Mota ilivuma kwa nguvu zake zote mpaka pua ilipozama mchangani. Aliponisimulia jioni ile, akiwa na vipande ndani ya mfuko wa rambo, alisema, “Mjomba, mimi niliachia. Wallahi niliachia.” Nami nilimsadiki, maana hakika aliachia, na kosa lilikuwa katika kuachia huko.

Haimpasi mtu kuilaumu pedi kwa hayo. Imetengenezwa kwa ajili ya kukimbiza mashujaa na kupiga mipira, na kwa kazi hizo springi ya katikati ni rehema. Ila kwa urubani wa rimoti ina dosari nyingine zisizoonekana upesi. Vijiti vyake ni vifupi, na mwendo wa kidole kutoka katikati hata mwisho ni mdogo mno, hivi kwamba sogezo linalotakiwa kuwa la kadiri huwa limekwisha kupita kadiri. Aidha, kwa kuwa springi zake hazirejei katikati kwa uhakika, programu nyingi huacha pale katikati eneo mfu, ambalo ukikisogeza kijiti ndani yake halitokei jambo lolote. Na rubani hodari kazi yake kubwa huifanya hapo hapo karibu na katikati, kwa visogezo vidogo ambavyo mtazamaji havioni. Tena pedi za bei rahisi hukigawa kijiti katika hatua 256 tu tangu mwisho mmoja hata mwingine, ilhali rimoti nyingi za kweli za leo hukigawa katika hatua 2048. Ukiunganisha pedi bila waya huongezeka pengine na kuchelewa kidogo baina ya kidole na ndege, na kuchelewa huko vidole hukuzoea, kisha vikaja kukukosa uwanjani.

Pamoja na hayo yote, asiye na pesa asikae bure. Kugeuka kwa kulia na kushoto ndege inapokujia ni somo la macho na akili kabla halijawa la vidole, na kwa somo hilo pedi yoyote, hata kioo cha simu, hutosha. Iko simuleta iitwayo PicaSim, ambayo hutolewa bila malipo na huenda katika kompyuta na katika simu pia; mtu akiitumia mwezi mmoja kwa pedi aliyonayo nyumbani hatakuwa amepoteza wakati wake, ilimradi ajue kwamba kuna siku vidole vitalazimika kusahau baadhi ya vilivyojifunza.

Watu wengine hukimbilia joistiki, kile kijiti kikubwa cha kuwekwa mezani kinachofanana na cha ndege ya vita. Hoja yao ina sura ya akili: hii ni ndege, na hicho ni kijiti cha ndege. Lakini kijiti hicho ni cha mtu aliye ndani, akiongoza kwa kiganja kizima na kifundo cha mkono, na aghalabu usukani wa mkia huongozwa kwa kukizungusha chenyewe. Aliyesimama uwanjani hana kijiti cha namna hiyo. Kumzoeza kwa joistiki ni kama kumfundisha mtu shikio la jahazi kwa kumpa kasia: vyote viwili ni vya baharini, vyote viwili hugeuza chombo, na mikono miwili inayotoka katika mafunzo hayo haifanani. Na tusisahau kwamba neno rubani lenyewe lilikuwa la bahari kabla halijapaa. Rubani alikuwa yule ajuaye kupitisha chombo katika miamba ya mlango wa bandari, na ujuzi wake haukupatikana kwa chombo cha aina nyingine.

Inafaa kueleza rimoti hizi zilipataje vijiti viwili, maana hazikuzaliwa navyo. Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mwaka 1898 mashua ndogo iliyoendeshwa kwa mawimbi bila waya wowote, na baadhi yao walidhani ni uchawi au kwamba amemfungia nyani ndani. Mwaka 1937 ndugu wawili pacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao waliyoiita Guff, inayohesabiwa kuwa miongoni mwa ndege za kwanza za mfano kuongozwa vyema kwa redio. Kwa miaka mingi baada ya hapo wapenzi wa sanaa hii walikuwa na kitufe kimoja tu mkononi, na ndani ya ndege mpira uliosokotwa ukitoa nguvu ya kusukuma usukani: bonyeza mara moja uende kulia, bonyeza mara mbili uende kushoto, na usukani ukienda huenda wote, hauna kiasi. Ni katika miaka ya 1960 ndipo ilipoenea mitambo ambayo kidole kikisogea kidogo usukani husogea kidogo, na kikisogea sana husogea sana. Hapo ndipo vijiti vilipopata maana, na kila kimoja kikapewa kazi mbili, moja ya mbele na nyuma na moja ya kulia na kushoto, jumla kazi nne: mwendo wa mota, kuinua na kushusha pua, kulaza mabawa, na usukani wa mkia.

Kazi nne kwa vijiti viwili haziwezi kugawanywa kwa namna moja tu, na hapa ndipo penye khitilafu inayowaponza wanunuzi wengi. Katika mgawanyo uitwao Modi ya 2, kijiti cha kushoto kina mwendo na usukani wa mkia, na cha kulia kina pua na mabawa; ndio unaotawala Marekani. Katika Modi ya 1, kijiti cha kulia kina mwendo na mabawa, na cha kushoto kina pua na usukani wa mkia; ndio uliozoeleka sana Japani. Ziko pia Modi ya 3, ambayo ni ya pili iliyogeuzwa kushoto kulia, na ya 4, ambayo ni ya kwanza iliyogeuzwa vivyo hivyo, lakini watu wake ni wachache. Hakuna iliyo haki na iliyo batili. Iliyo bora ni ile anayoitumia mtu atakayesimama nawe uwanjani siku za mwanzo, kwa kuwa ndege ikianza kwenda mrama itampasa akupokonye rimoti mkononi na kuiokoa, wala hatakuwa na wasaa wa kuuliza mwendo uko upande gani. Ikiwa huna mwalimu, chukua Modi ya 2, maana rimoti nyingi ziuzwazo kwa waanzaji huja hivyo, na ukitaka kuuza yako kesho utapata mnunuzi. Ukishachagua, usibadili, vidole vilivyofunzwa modi mbili huzichanganya saa ya hatari.

Sasa tuje katika ununuzi wenyewe. Njia iliyo aula ni kununua tangu mwanzo rimoti utakayorushia ndege ya kweli, ukaiunga na kompyuta kwa waya wa USB. Zamani ushauri huu ulikuwa wa matajiri. Leo sivyo, kwani kampuni kama RadioMaster na Jumper hutengeneza rimoti kamili ambazo zile ndogo huuzwa chini ya dola 100 za Kimarekani, bei ambayo haiko mbali na ya pedi asilia ya mashine za gemu. Nyingi katika hizo huendeshwa kwa programu iitwayo EdgeTX: ukichomeka waya, rimoti hukuuliza unataka iwe hifadhi ya mafaili au iwe joistiki, nawe ukichagua joistiki kompyuta huitambua papo hapo. Jihadhari na waya wenyewe. Nyaya nyingi za simu zilizotapakaa majumbani ni za kuchajia tu, hazipitishi habari, na mtu anaweza kuitukana rimoti yake siku nzima ilhali mkosaji ni waya.

Aliyerithi au kununua rimoti ya zamani isiyo na tundu la USB naye hajanyimwa. Mgongoni mwa rimoti nyingi hizo liko tundu la mwalimu, lililowekwa ili rimoti mbili ziungwe, mwanafunzi arushe na mwalimu awe na uwezo wa kutwaa. Katika tundu hilo hutoka mapigo ya umeme, kila kazi na pigo lake, yenye urefu wa kati ya milisekunde 1 na 2, na milisekunde 1.5 ikiwa ndiyo katikati, mfululizo mzima ukirudiwa takriban mara 50 kwa sekunde. Viko vifaa vidogo vya kutafsiri mapigo hayo yawe lugha ya USB, na bei yake ni ndogo. Viko pia vipokezi vidogo vya kuchomeka katika kompyuta, kama kile cha kampuni ya Spektrum, vinavyopokea mawimbi ya rimoti bila waya wowote kama ambavyo ndege ingeyapokea. Hivi ni starehe, lakini kila kimoja huelewana na rimoti za jamaa yake tu.

Baina ya pedi na rimoti ya kweli kuna kiumbe wa tatu: rimoti ya mfano, yenye vijiti na umbo kama la kweli lakini isiyo na redio ndani. Simuleta iitwayo RealFlight, ambayo ni ya tangu miaka ya 1990, imekuwa ikiuzwa pamoja na rimoti ya namna hiyo iitwayo InterLink, na matoleo yake ya zamani hayakukubali hata kufunguka pasipo kuchomekwa hiyo. Si kitu kibaya, na mikono hujifunza sawasawa. Kisa chake ni kwamba siku ya kwenda uwanjani itakulazimu ununue nyingine, na mimi, niliyelelewa katika nyumba isiyonunua sufuria mbili kwa chakula kimoja, naona uzito kulishauri.

Ukiwa dukani, ishike. Wako wanaoongoza kwa ncha za vidole gumba, na wako wanaobana kila kijiti kwa gumba na kidole cha shahada. Rimoti ndogo hupendeza kwa hao wa kwanza na huwatesa hao wa pili. Uliza vijiti vyake hupimwaje ndani. Vya zamani hupimwa kwa potenshometa, ambayo ni kidole cha chuma kinachosugua utando, na chenye kusuguana huchakaa, kikaanza kutetemesha ndege hali mkono umetulia. Vingine hupimwa kwa sumaku na sensa ya Hall, iliyoitwa kwa jina la Edwin Hall aliyeigundua kanuni yake mwaka 1879, na kwa kuwa hapo hakuna kinachogusana, hudumu. Nyongeza ndogo ya bei kwa ajili ya vijiti vya Hall si israfu. Swichi nyingi na kioo cha rangi vinaweza kungoja.

Usiache kulinganisha vijiti kabla ya kuruka. Simuleta itakuomba uvizungushe mpaka pembe zote nne ili ijue mwisho wake uko wapi. Fanya hivyo taratibu, kisha vikiwa vimetulia hakikisha alama iko katikati na haichezi. Ndani ya rimoti tengeneza mpangilio mtupu wa ndege, usio na michanganyiko ya kazi wala marekebisho, uwe ni wa simuleta peke yake, kwani mtu aliyesahau marekebisho ya ndege yake ya kweli huja kuilaumu kompyuta kwa kuvutia kushoto. Na ikiwa mwendo umegeuka, yaani kijiti kikiwa chini mota inavuma, geuza katika simuleta, usiguse rimoti.

Kuhusu serikali, simuleta haina ruhusa ya kuombwa. Ndege yenyewe inayo: Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani ndani, na Tanzania nayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga hutaka kibali. Ni busara kuuliza kabla ya kuagiza mzigo.

Mpwa wangu aliuza pedi yake, akaongeza akiba, akanunua rimoti ndogo ya Modi ya 2 yenye vijiti vya Hall. Nilikuwapo alipoiunga na kompyuta kwa mara ya kwanza. Alilinganisha vijiti, akachagua ndege ile ile ya kujifunzia, akakivuta kijiti cha kushoto hata chini, kisha akauondoa mkono wake wote na kuuweka gotini. Ndege ilikaa kimya mwanzo wa njia, panga lake halizunguki. Akaitazama kwa kitambo.

“Haiendi,” akasema.

“Haijaambiwa,” nikamjibu, naye akarudisha mkono.